Mwamini Alivyojifungua Bila Dawa

Mtaa wa Sofu,
Kibaha, Pwani.
22 Septemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Faudhia,

Assalaam alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Hashiru na huyo mgeni wetu aliye tumboni. Sisi huku ni wazima kwa jumla. Baba mafua yamemwachia, kimebaki kikohozi cha asubuhi tu. Seif bado anakwenda na kurudi Ruvu kwenye mitambo ya maji. Mgongo unamsumbua, lakini ukimtajia kupumzika ananuna. Mimi nipo na cherehani yangu, namshukuru Mungu.

Kabla sijasema jingine: miguu imeacha kuvimba? Na presha wanakupima kweli kila ukienda kliniki? Safari hii usinijibu "nipo poa, dada". Nataka uniambie ile namba iliyoandikwa kwenye kadi. Kichwa kikikuuma sana, au ukiona ukungu machoni, usingoje tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo. Najua unacheka, unasema dada Zuwena ameanza. Haya, nimeanza.

Sasa nikuombe radhi. Wiki mbili zilizopita uliniuliza swali kwenye simu. Ulisema hospitali yenu huko Bukoba wamekupa uchague: kujifungua kwa uchungu wako mwenyewe bila dawa, au kuchomwa sindano ya ganzi mgongoni, au kupanga kabisa siku ya upasuaji. Ukasema, "Dada, ungekuwa wewe ungechagua lipi?" Nikakwambia chaji inaisha. Nilikudanganya. Chaji ilikuwa imejaa. Jibu langu lilikuwa na mambo ambayo sijawahi kukwambia maishani, na kwa mdomo siyawezi, nalia. Ndiyo maana naandika. Barua nimeikunja ndani ya kile kishuka cha njano kwenye kifurushi. Hashiru akitaka kuisoma, mwache asome.

Unalikumbuka kovu langu. Ulipokuwa mdogo ukilipitishia kidole nikikuogesha, unauliza ni la nini, nami nakwambia ndio mlango aliotokea Mwamini. Hiyo ni kweli nusu. Mlango huo ulifunguliwa mara mbili. Kabla ya Mwamini nilibeba mtoto wa kiume. Mwaka ule wa 2000 wewe ulikuwa na miaka sita, nanyi nyumbani mliambiwa mimba yangu imeharibika. Haikuharibika, Faudhia. Ilitimia miezi tisa, na mtoto alikuwa akicheza mpaka asubuhi ya siku yenyewe.

Nilikuwa ukweni, Maneromango. Uchungu ulianza vizuri, unashika, unaachia, mimi mwenyewe nikiwa nimekaa napepeta mchele. Wifi Hajira, dada yake Seif, akaona nachelewa. Akaniletea kikombe cha dawa ya uchungu, mizizi iliyochemshwa, chungu haina mfano. Hakuwa na nia mbaya. Ndivyo alivyofanyiwa yeye, na ndivyo mama mkwe alivyomwagiza. Mimi bibi harusi mgeni, ningekataaje? Nikanywa chote.

Baada ya pale uchungu haukuachia tena. Ulishika ukashikilia, sikupata hata nafasi ya kuvuta pumzi. Tumbo likawa gumu kama ubao. Halafu ghafla nikasikia kitu kimechanika ndani, na uchungu wote ukakatika mara moja. Wakasema nimepata nafuu, na mimi nikaamini. Ule ukimya wa tumbo ndio ninaouogopa mpaka leo.

Walinipakia kwenye pikapu iliyokuwa imebeba mihogo. Barabara ile unaijua. Hospitali walinipasua wakaniokoa, mfuko wa uzazi wakaushona, lakini mtoto alikuwa ameshakwenda. Daktari akamuuliza Seif, mkeo amekunywa nini? Seif hakujua. Mimi nilijua, nikanyamaza. Nimenyamaza miaka ishirini na minne.

Mwamini nilipangiwa siku ya upasuaji kabla hata uchungu haujaanza, na baada yake nikaambiwa nisibebe mimba tena. Kwa hiyo mimi dada yako, unayeniuliza habari za kuzaa, sijawahi kumsukuma mtoto akatoka akalia. Uchungu niliujua kwa sura moja tu, nayo ilikuwa sura ya kifo.

Basi fikiria hali yangu Mwamini alipobeba mimba. Kila asubuhi nilimpigia simu Kisarawe: mtoto anacheza? Mchana nikapiga tena. Mume wake, Yahya, kijana wa watu ana heshima, lakini mwishowe hata yeye alichoka. Siku moja alipokea yeye akaniambia, "Mama, shikamoo, anacheza, na kesho pia atacheza." Nikaona aibu, lakini sikuacha kupiga.

Kilichonivuruga zaidi ni kwamba Mwamini alishaamua. Mkunga wa kliniki yake alikuwa akiwafundisha wajawazito namna mwili unavyojifungua wenyewe usiposumbuliwa, naye akayapenda mafunzo hayo. Akanitamkia wazi: "Mama, mimi nataka nizae kwa uchungu wangu mwenyewe. Sitaki dripu ya kuharakisha wala dawa ya mtu, kama hakuna tatizo." Nilimwitikia kwa kichwa, moyoni nikasema huyu hajui anachokisema.

Nikafanya jambo la aibu. Nilikwenda kwa siri kwa daktari mmoja huku Kibaha kumuombea mwanangu upasuaji. Aliniuliza binti ana tatizo gani. Nikasema hana. Mtoto amekaa vibaya? Hapana. Presha? Hapana. "Sasa mama, tunampasulia nini?" Akaniambia kwa upole kwamba upasuaji ni msaada mkubwa unapohitajika, ila unaacha kovu kwenye mfuko wa uzazi, na kila mimba inayofuata inabidi ichungwe kwa ajili ya kovu hilo. Akasema nirudi na binti mwenyewe.

Sikurudi naye. Nilipomwambia Mwamini nilikokwenda, alikasirika, na siku mbili hakupokea simu yangu. Siku ya tatu alipiga yeye. "Mama, njoo Kisarawe. Twende wote kliniki ukamuulize mkunga unachokiogopa."

Mkunga anaitwa Efrazia, mama wa makamo, mtu wa huko huko Kagera unakokaa wewe. Sista Efrazia alinitazama kidogo tu, akamuomba Mwamini akae nje, akafunga mlango. Akaniuliza, "Wewe ulizaaje?" Sijui kwa nini, Faudhia, lakini nilimweleza. Yule mama, niliyekutana naye siku ile tu, alikuwa mtu wa kwanza kuisikia habari ya kikombe kile.

Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Mama Mwamini, wewe hukuumizwa na uchungu. Uliumizwa na uchungu uliokimbizwa kwa fimbo. Uchungu wenyewe unashika halafu unaachia. Pale unapoachia, mama anapumzika, na mtoto naye anapata hewa. Dawa ile ilikunyima pale pa kupumzika."

Nikamuuliza, je ikienda vibaya?

"Bila dawa haina maana bila mkunga," akasema. "Nitamsikiliza mtoto kila baada ya muda, nitapima njia, nitaandika. Nikiona siyo, dripu ipo, gari lipo, na hospitali ya upasuaji haiko mbali. Mimi sina ubishi na dawa. Nina ubishi na dawa isiyo na sababu." Kisha akanishika mkono. "Na wewe, siku hiyo ukija, acha hofu yako kwenye benchi la nje. Mwenye uchungu hawezi kubeba mizigo miwili."

Niliahidi. Lakini unanijua.

Ikawa Jumanne ya tarehe tatu mwezi huu. Habari ya kuzaliwa mtoto nilikupa kwa simu, kwamba ni salama, basi. Sasa nikupe siku yenyewe.

Yahya alipiga saa kumi na mbili asubuhi kusema uchungu umeanza. Jirani yetu mwenye gari alinipeleka, na njia nzima nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango. Nilidhani nitamkuta Mwamini amelala anagaagaa. Nilimkuta anafagia baraza! Uchungu ukimshika anasimama, anaegemea ukuta, anapumua taratibu, ukiachia anaendelea kufagia. Beseni na vitenge na mpira wa kujifungulia alishavifunga tangu wiki iliyopita. Nikasema twende sasa hivi. Akasema, "Bado, mama. Sista alisema ikifika mara tatu ndani ya dakika kumi." Nilikaa na saa mkononi, jasho likinitoka mimi.

Saa nne tukaingia kituo cha afya. Njia ilikuwa imefunguka sentimita nne. Siku hizi wanaruhusu ndugu mmoja akae na mzazi, kuna mapazia, basi nikaingia mimi. Hawakumlaza. Efrazia alimwacha atembee koridoni, ainame kitandani, apige magoti kama anasujudu, vyovyote mwili ulivyomtuma. Alikunywa maji, akala tende. Mimi nilikuwa namkanda kiuno kwa kitambaa cha maji ya moto. Kila uchungu ulipopanda alikuwa akitaja "Ya Latifu, Ya Latifu," sauti inashuka chini, mpaka unapita.

Saa saba wakapima tena: sita. Sentimita mbili tu kwa saa tatu! Nikamfuata Efrazia mlangoni, nikamnong'oneza, "Sista, muwekee hiyo dripu, nakuomba, mtoto atachoka." Akaniuliza kama nimemwona Mwamini amechoka. "Mapigo ya mtoto mazuri, maji hayajachafuka, njia inafunguka. Nimharakishe aende wapi?"

Nikarudi ndani. Na ndani nikamkuta wifi Hajira.

Ametoka Maneromango asubuhi, Yahya alimpigia kumjulisha, kwa adabu tu, ni shangazi wa mkewe. Walinzi walimpisha kwa kuwa alisema ameleta uji. Alikuwa amesimama kando ya kitanda na chupa ya chai, keshamimina kikombe, na Mwamini amekishika mkononi. "Kunywa uji wa shangazi upate nguvu," anamwambia, "usikae na uchungu siku mbili kama huna kwenu."

Harufu ilinifikia kabla sijafika kitandani. Faudhia, miaka ishirini na minne, na pua haikusahau.

Nilikipiga kile kikombe kikaruka. Mwamini akapiga kelele. Nikamuuliza, "Umekunywa? Umekunywa?" Akasema, "Funda moja, mama. Funda moja tu, nikaona ni chungu." Nikamwita Efrazia kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka barabarani. Alikuja, akanusa chupa, uso ukabadilika. Akamlaza Mwamini kwa ubavu, akaweka kile kipima mapigo tumboni, akasikiliza uchungu mmoja mzima, wa pili, wa tatu. Akaagiza mwenzake aandae dripu ya maji na awaambie wa gari wakae tayari. Mimi nikatoka nje na ile chupa mkononi.

Wifi alinifuata nje. Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki ya kukasirika kwa alivyoelewa yeye. "Zuwena, unanidhalilisha mbele ya watoto wangu?"

Nikasema, "Wifi, mwanangu wa kwanza alikufa kwa dawa hii."

"Yule, Mungu alimchukua."

"Mungu alimchukua, ndiyo. Lakini kikombe nilipewa na nani?"

Nikamwaga chupa nzima kwenye karo la kufulia palepale mbele yake. Alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga, mwanamke wa miaka sitini na mitano, juani, peke yake. Nilitaka kumwita nirudishe maneno yangu. Sikumwita.

Nusu saa iliyofuata sina maneno yake. Efrazia hakuondoka kitandani. Funda moja, Alhamdulillahi, halikufanya kitu. Mapigo ya mtoto yalibaki vilevile, na uchungu uliendelea kushika na kuachia. Dripu ya maji haikuwekwa, ilibaki kwenye trei.

Kisha, kama saa tisa hivi, Mwamini akanyamaza.

Uchungu ulikuwa umempanda mkali, mmoja juu ya mwingine, analia sasa, anasema hawezi, anataka kwenda nyumbani. Mara ukakatika. Akalaza kichwa kitandani akafumba macho kama amelala. Dakika moja, mbili, tano. Hakuna uchungu. Nikagusa tumbo, limelegea. Faudhia, nilirudi Maneromango. Nilisikia kabisa harufu ya mihogo ya ile pikapu. Nikapiga yowe, "Sista! Tumbo limenyamaza! Limechanika!"

Efrazia akaja, akasikiliza moyo wa mtoto, na safari hii akaniwekea mimi kile kipima mapigo sikioni. Tuk-tuk-tuk-tuk, kama farasi. Akampima Mwamini. Akatabasamu. "Njia imekamilika, mama. Mwili unapumzika kabla ya kusukuma. Ukiachwa, unajua wenyewe."

Nilikaa chini sakafuni nikalia. Kumbe kuna ukimya mwingine. Kumbe ndivyo ilivyo, na mimi sikuwahi kufikishwa huko.

Mwamini alisukuma amepiga magoti, amening'inia shingoni kwangu, mpaka leo bega linaniuma. Hakuna aliyempigia kelele wala kumkandamiza tumbo. Efrazia alikuwa akisema tu, "Taratibu, mwache aje." Saa kumi kasoro robo mtoto akaja, wa kike, kilo tatu na gramu mia mbili, amefumbua macho, anatazama watu kama aliyekuja kukagua. Wakamweka kifuani kwa mama yake na ute wake hivyohivyo. Kabla hata nusu saa haijatimia, katoto kamejisogeza kenyewe kakakamata ziwa. Hilo sikuwahi kuliona. Mimi Mwamini nililetewa siku ya pili yake, nikiwa bado nasikia kizunguzungu.

Sindano moja alikubali, ile ya kuzuia damu baada ya mtoto kutoka. Aliuliza ni ya nini, akaelezwa, akatoa paja. Hakuchanika kiasi cha kushonwa. Magharibi haijaingia alikuwa ameshakwenda kuoga kwa miguu yake, anaulizia wali. Mimi baada ya upasuaji wangu, unakumbuka, hata kucheka nilikuwa nashika tumbo wiki nzima.

Nilimuuliza kesho yake kama angekubali tena. Akasema, "Mama, nisikudanganye, inauma. Inauma mpaka unasahau jina lako. Lakini kila ulipoachia nilikuwa narudi kuwa mimi. Na alipotoka nilijua nimemtoa mimi."

Seif nilimwambia yote siku niliyorudi Kibaha. Alikaa kwenye kiti cha cherehani. Akauliza, "Kwa nini hukuniambia?" Nikasema nilikuwa na miaka ishirini na yule ni dada yako. Akaamka akatoka kwenda msikitini, na tangu siku hiyo amekuwa mpole kwangu kiasi cha kunitia wasiwasi.

Siku ya saba wifi Hajira alikuja Kisarawe. Sikumtegemea. Alileta kuku wawili na mchele, akamshika mtoto, akamsomea dua, akamrudisha kwa mama yake. Kisha akaja kukaa na mimi jikoni, tukawa tunachambua mchele. Mara akasema, bila kunitazama, "Mimi ni wawili."

Nikamuuliza wawili nini.

"Walionifia. Wawili. Wote nilinyweshwa ile dawa, na wote nikaambiwa ni Mungu. Sikuwahi kuviweka vitu hivyo pamoja, Zuwena, mpaka uliponimwagia ile chupa."

Tukaendelea na mchele. Sijui kama nimemsamehe, na sijui kama yeye amejisamehe. Jana amenipigia simu kunieleza kwamba amewaambia wanawake wa kwao waache kumwendea kuchukua dawa. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezeeka kwa wiki moja.

Sasa swali lako. Sikuchagulii, mwili ni wako. Lakini kama presha yako iko sawa, na mtoto amekaa vizuri, na daktari hana sababu ila kukupa tu uchague, mimi ningeungoja uchungu wangu. Ningetembea, ningepiga magoti, ningeshika mtu. Ile sindano ya mgongo si dhambi, na usimcheke anayeichukua, maana ukishindwa kabisa ndiyo kazi yake. Ila waulize kwanza: miguu itakuwa na nguvu nitembee? Nitajua saa ya kusukuma? Itabidi niongezewe dripu? Waulize mpaka wakujibu. Nikimtazama Mwamini alivyoinuka siku ile ile, na mtoto alivyokuwa macho akanyonya, naona kuna zawadi pale ambayo sitaki uikose bila sababu.

Na ikiwa sababu ipo, Faudhia, ikiwa presha imepanda au mtoto amechoka, usibishane nao hata dakika moja. Kubali dripu, kubali kisu, kubali chochote. Sikuandikii haya ili uone haya kupasuliwa. Mimi nimepasuliwa mara mbili na ndiyo maana nipo hai nakuandikia.

Moja tu nakuamuru kama dada. Usinywe kitu chochote cha kuleta uchungu, hata kikija kwenye kikombe kizuri, hata akikuletea mkwe unayempenda, hata nikikuletea mimi. Sema mkunga amekataza.

Nimeacha kupokea vitambaa vya wateja kuanzia mwisho wa Oktoba. Mungu akipenda nitapanda basi la Bukoba wiki ya kwanza ya Novemba, nikae na wewe mpaka ujifungue. Mwombe Hashiru ruhusa kwa niaba yangu, na muulize hospitali kama ndugu anaruhusiwa kuingia. Safari yenyewe naiogopa, sijawahi kuvuka hata Dodoma, na nimeshaanza kuota basi limeharibika porini.

Baba anakusalimu na anakuombea kila swala. Seif anakusalimu wewe na shemeji. Mwamini na Yahya wanakusalimu sana. Mtoto wamemwita Fadhila, na wanasema mama mdogo ana deni la kuja kumwona. Nisalimie mama mkwe wako, mwambie shikamoo yangu imetoka mbali. Nisalimie na jirani yako Evaline aliyekupeleka kliniki siku ile ya mvua.

Mwenyezi Mungu akufungulie njia kwa upole, akupe uchungu wenye mapumziko, na akuweke mikononi mwa watu wenye subira. Nikifika huko usinifiche kitu kwa kuogopa kwamba nitaogopa. Nitaogopa tu. Lakini nitakuwa nimekushika.

Ni mimi dada yako nikupendaye tangu ukiwa mgongoni kwangu,

Zuwena